Blazer ya Uskoti na Kazi ya Ushauri

Jumatatu, 8 Machi 2004
Nisamehe, shajara. Tangu Krismasi sijakuandikia neno. Oscar anaota meno; asiyelala hana cha kuandika ila kilio. Lakini leo niko na habari! Kampuni ya kushauri wafugaji inafungua ofisi hapa Kitengela. Inatafuta mshauri mmoja. Mmoja tu! Nikipata, naacha kufulia watu nguo.

Jirani yangu Jacinta pia ameomba. Yeye amesomea chuo kikubwa cha Nairobi, chenye geti na saa ukutani. Mimi nimesomea biashara kwenye chuo kilicho ghorofani, juu ya bucha ya Gakuru, kwa sababu walikubali niingie na mtoto. Jacinta amesema pale kwa kamba ya nguo kwamba mshauri huangaliwa chuo kabla ya uso, na cheti changu kinanuka matumbo. Nimecheka. Kisha nimeenda kukinusa. Mwongo! Kinanuka mafuta kidogo tu.

Jumatano, 10 Machi
Akili ni mali! Dada yangu Nzilani, anayeuza mitumba Gikomba, amenitumia blazer ya kijani. Nembo kifuani: simba, kitabu, na maneno ambayo hakuna anayeyajua. Chuo cha ng'ambo hicho, lazima. Cheti cha bucha nimekificha chini ya godoro. Mume wangu Maundu ameuliza nachezea timu gani. Oscar ametafuna simba. Nimemwambia polepole, mwanangu, huyo ndiye atakununulia maziwa, mwache. Amelia. Sijalegea.

Alhamisi, 11 Machi
Interview! Bi Selpha, mkubwa wa ofisi, aliuliza nimesomea wapi. Nikasema Uskoti. Akauliza baridi ya huko ikoje. Nikasema nilisoma kwa posta. Akatabasamu! Kesho anatupeleka Mashuuru, tumshauri mfugaji Mzee Saning'o huku yeye akitutazama. Jacinta amenuna. Raha!

Ijumaa, 12 Machi
Balaa. Jacinta alimsomea mzee chati zake za chuo mpaka mzee akafunga macho. Zamu yangu, nikataka kuonyesha kazi ya ng'ambo. Nikanyoosha kidole, nikahesabu ng'ombe wake kwa sauti. Nilipofika ishirini na tatu, mzee akaruka kama kijana! Akauliza ng'ombe wamenikosea nini mpaka niwatakie kifo kwa kuwahesabu, na kwani huko nilikosoma hakuna wazee? Akawaswaga wote bondeni.

Halafu zamu ya Kisemei, mwombaji wa tatu, tuliyekaa naye dawati moja kule juu ya bucha. Akainamisha kichwa kama vijana wa Kimaasai wanavyosalimu wazee, mzee akamgusa utosini. Wakaongea mvua, nyasi, watoto. Mwishowe mzee mwenyewe akamweleza shida ya zizi lake.

Jumatatu, 15 Machi
Kazi ni ya Kisemei. Bi Selpha amesema, tena mbele ya Jacinta, kwamba tangu mwanzo alitaka mtu wa chuo cha juu ya bucha, maana wanafunzi wa pale hufunzwa mnadani kati ya wafugaji. (Siku za mnada mimi nilibaki darasani nikinyonyesha.) Akaniambia pole, Mama Oscar, watu wa Uskoti hatuwawezi. Na cheti kiko chini ya godoro! Maundu amecheka mpaka akakaa chini.

Nimewaza sana. Kosa nimeliona: rangi. Kijani ni ya wanafunzi; washauri huvaa bluu. Kuna kampuni nyingine Rongai. Cheti kikae pale pale. Nimemwandikia Nzilani: nitumie blazer ya bluu yenye nembo kubwa zaidi, ya tembo ikiwezekana. Miwani ya kusomea, hata kama haionyeshi kitu. Na kitu kigumu cha Oscar kutafuna, kwa maana tembo simwachii.