Kompyuta Yetu Inapumua Vizuri Kabatini

Mheshimiwa Babu, Mlezi wa Kudumu wa kiti cha uvivu. Mheshimiwa Mkwe wangu, Waziri wa Jiko na Minong'ono. Mheshimiwa Mjukuu, Mkurugenzi wa studio ya video za harusi, yenye makao makuu sebuleni kwangu. Mgeni Rasmi, Bi Harusi, uliyefika bila hodi. Majirani mnaochungulia dirishani, wenye mwaliko na wasio na haya. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na wewe uliyekalia mkono wa kochi, shuka!

(Makofi. Babu anaamka.)

Nasimama mbele yenu mimi, Mwenyekiti wa Maisha wa nyumba hii, niliyeishia darasa la tatu lakini nikawafikisha nyinyi chuo, mkarudi hamjui hata kukunja shuka, ili kuzindua Mradi Jumuishi wa Upozaji na Mzunguko wa Hewa ndani ya Kompyuta, mradi wa kimkakati, endelevu na shirikishi, ambao upembuzi yakinifu wake umefanyika na mchakato wake upo katika hatua za mwisho za kuanza kuanza.

Najua yapo maneno. Inasemwa kompyuta inachemka. Inasemwa Mkurugenzi akiiagiza kompyuta iitoe filamu ya harusi ikiwa kamili, inakwenda, inakwenda, ikikaribia ukingoni mashine inazima puu! Inasemwa Bi Harusi anapanda basi leo alasiri kumpelekea filamu hiyo baba yake, aliyelala hospitali na mguu uliovunjika siku mwanawe anaolewa, na mzee wa watu hajaona hata pindo la shela.

(Bi Harusi: "Ni kweli, Bibi, ananipigia simu kila saa!")

Mgeni Rasmi haongei kabla ya kukaribishwa.

Chanzo, wanadai, ni kabati. Kabati gani? Kabati langu la sahani za wageni! Tangu lini kitu cha thamani kikaachwa nje uchi kama kuku aliyenyonyolewa? Redio yangu ya kwanza ilikaa kabatini. Pasi yangu ya umeme ilikaa kabatini. Huyu Babu, angeenea, angekaa kabatini.

(Kicheko. Babu hacheki.)

(Mjukuu: "Bibi, feni ya nyuma inatoa hewa ya moto, hewa inagonga sahani, halafu feni ya mbele inaivuta ile ile!")

Ahsante, Mkurugenzi, kwa kuunga mkono hoja. Inatoka, inagonga, inarudi. Kama huo si mzunguko wa hewa, mlitaka izunguke vipi, icheze ngoma? Takwimu zangu zinaonyesha tumepunguza joto kwa asilimia sitini, hasa nyakati ambazo kompyuta imezima.

(Bi Harusi anamnong'oneza Mjukuu. Bisibisi inapita mkono kwa mkono.)

Katika awamu ya kwanza tutafunga feni ya kisasa yenye pafomansi ya hali ya juu. Katika awamu ya pili fundi seremala atatoboa matundu mgongoni mwa kabati kwa viwango vya kimataifa. Katika awamu ya tatu nyaya zile zilizojisokota kama utumbo wa mbuzi zitapangwa ili hewa ipate korido, na vumbi litaondolewa kwa heshima zake zote, chini ya jopo la mastekiholda, yaani mimi.

(Bawaba ya kabati: kwiii.)

Nani anakohoa? Akapewe maji.

(Mlango wa kabati unang'oka. Mkwe anashusha sahani kama anapokea watoto wachanga.)

Mkwe, hiyo yenye maua ina ufa, ishike kwa adabu! Kama nilivyokuwa nasema, serikali hii ya nyumbani haitayumbishwa na wachache wenye bisibisi.

(Kompyuta inatolewa, inawekwa mezani karibu na dirisha. Feni inavuma. Mjukuu anabonyeza, filamu inaanza kutoka upya. Kila mtu anasogea.)

Rudini kwenye viti! Mkiizunguka hivyo mtaimalizia hewa, vichwa vyenu hivyo. Nami sitazami huko, mimi nahutubia. Nahutubia kuhusu maendeleo, ambayo ni jambo la... imefika wapi?

("Nusu, Bibi!")

Msinikatize. Maendeleo ni jambo la subira, na subira huvuta heri, na heri... gusa ubavuni, ina moto?

("Vuguvugu tu!")

Sogeza pazia basi, mnangoja nani? Na heri, ndugu zangu... imefika wapi sasa?

("Imeisha! Filamu nzima, Bibi, hadi keki!")

(Vigelegele. Babu anacheza. Bi Harusi anamrukia Mwenyekiti shingoni, kilemba kinaanguka.)

Niachie shingo, mwanangu, bado nina aya. Kompyuta!

("Ipumue!")

Kabati!

("Libaki wazi!")

Hiyo sikuiidhinisha. Namalizia kwa kumshukuru fundi seremala, ambaye habari hizi hajazisikia; feni ya kisasa, ambayo ipo dukani kama haijauzwa; na jopo, ambalo halijawahi kukaa kwa sababu sijawahi kuliita. Bi Harusi, chukua filamu yako ukimbie, basi halina shangazi wa kumsubiri. Mfikishie mzee salamu, mwambie mradi huu mkubwa Mwenyekiti aliubuni leo asubuhi akipiga mswaki, na umekamilika kabla haujaanza.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.