KUH: Lile Neno "Uxorious" Ulilonipaka Kanisani

Mchungaji Kisilu, mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Sisi hapa Mutomo tu wazima, ila jua limezidi. Ni mimi Nzau wa mashine ya kusaga, yule uliyemsimamisha Jumapili pamoja na Mzee Musyimi ili kanisa lituone kabla ya kuchagua mwenyekiti wa wanaume. Musyimi ulisema ni mchapa kazi. Mimi, kwa hicho Kizungu chako cha chuo cha Biblia, ukasema ni "uxorious". Watu walipiga makofi, nami nikainama kwa unyenyekevu, maana sote tulisikia "luxurious", yaani mtu wa kifahari. Kumbe! Mwalimu Mbithi amefungua kamusi: ni mwanamume anayempenda mke wake kupita kiasi.

Mchungaji, nimeumia. Naomba uliondoe neno hilo kabla ya uchaguzi, kwa sababu hizi:

1. Si kweli. Wanasema nilionekana nikitwanga mahindi ya muthokoi, kazi ya kike. Nilitwanga, ndiyo, lakini mlango nilikuwa nimeufunga. Mwenye makosa ni aliyechungulia.

2. Neno lenyewe linakataa midomo yetu. Kwa ulimi wa Kikamba ile r iligeuka l, likafika Kwa Vonza likiwa "akisolias", na huko kwa mama mkwe likawa ugonjwa. Amenipigia simu akilia, anauliza kama nimemwambukiza Mwongeli, mke wangu. Ametuma mwarobaini. Nimeunywa kwa heshima yake. Ni mchungu ajabu, na haujasaidia.

3. Wake za watu sasa wanadai waume zao nao wawe hivyo. Mbinya, mke wa fundi cherehani, amegoma kupika mpaka mumewe ambebee mwavuli hadi sokoni, kama ninavyombebea Mwongeli. Mimi nambebea kwa sababu jua la hapa halina adabu, na akiumwa kichwa ni mimi nisiyelala. Hayo ni mapenzi kweli? Ni busara tu!

4. Wanaume wamenuna. Mahindi yao wanapeleka kusagiwa kwingine, na kura wanampa Musyimi, ambaye mkewe humwita "wewe" tangu harusi.

5. Kupita kiasi, kiasi gani? Nani alipima? Mahindi tunayapima kwa gorogoro, mbuzi tunampima kwa kumwinua. Hao wenye kamusi walimwinua nani? Miaka yote hii mimi nadhani sijafika hata nusu!

Kwa hivyo Jumapili hii tafadhali tangaza kwamba Nzau anampenda mke wake kadiri ya kawaida tu, kama watu wengine. Uenyekiti huu nimeutamani tangu nibatizwe, na sitaki unipite kwa ajili ya herufi nane.

Nisalimie mama mchungaji, wazee wa kanisa, kwaya yote, na Musyimi pia, kidogo.

Wako katika Bwana, niliyechafuliwa jina,
Nzau

N.B. Mwongeli amesoma barua hii kabla sijaifunga. Alicheka vizuri mpaka pale kwa "kadiri ya kawaida". Hapo alijifunga leso, akaenda kukaa nje peke yake. Asi! Mchungaji, futa yote. Uenyekiti mpe Musyimi. Jumapili nisimamishe tena, ulitaje lile neno polepole, kwenye kipaza sauti, na kama Kizungu chako kina lingine kubwa kuliko hilo, ongeza.