Mawe ya Marehemu Kai

Jumatatu, 3 Februari

Leo baada ya chai Shangazi Kache ametutangazia jambo. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara ya kwenda Shelly Beach, atampa mmoja wetu. Mimi au Ruth. Kimefungwa tangu Novemba, tulipomzika mumewe, Mzee Kai.

Sharti lake dogo. Amechoka kununua mawe, yaani betri za redio na tochi, kila wiki. Anataka chaja na mawe ya kuchaji, yatumike nyumba nzima. Atakayeleta chaja ya kumfaa ndiye wa chumba.

Nimeshakiona kichwani. Televisheni kubwa ukutani, mabenchi, vijana wa Likoni wote wakitazama mpira kwangu. Ruth anataka kuweka cherehani. Cherehani, mahali kama pale. Watu wa hapa wana nguo tayari.

Ruth ni mpwa wa marehemu na anafanya kazi hotelini, upande wa kufua. Mimi ni mtoto wa kakake Shangazi, kwa hiyo damu iko kwangu. Kazi yangu kwa sasa ni kufikiri.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa Rama, anayeuza vitu vya umeme karibu na feri. Akaniwekea chaja mbili juu ya meza.

Ya kwanza ina kidirisha kinachoonyesha kila jiwe limefika wapi. Jiwe likijaa, inalikatia umeme lenyewe. Jiwe bovu inalikataa. Nikamwambia hiyo ni chaja ya watu wasiojiamini.

Ya pili ni sanduku jeusi, halina hata jina. Inachaji yote pamoja na haijui kusimama. Ukisahau kuichomoa, shauri yako. Lakini inapokea mpaka yale mawe manene ya redio za kizamani, na bei yake ni rahisi ajabu. Rama akaniambia wallahi hata yeye haipeleki kwake. Halafu akanionya, tena mara mbili, kwamba humo yanaingia mawe ya kuchaji tu. Yale ya kawaida yakifa yamekufa. Ukiyalazimisha yatatema maji makali au yatapasuka.

Nimechukua nyeusi. Mawe sikununua. Ya nini, na kwenye droo ya Mzee Kai yamelala mawe manene manne? Ni yale aliyotoa Shangazi kwenye redio siku mzee alipofariki. Ni ya kawaida, najua. Lakini Rama ni mfanyabiashara. Kila mfanyabiashara atakwambia ununue mapya.

Jumatano, 5 Februari

Ruth ameleta yake asubuhi. Ni ile ya kidirisha. Ameleta na mawe madogo, na vikoti vya plastiki vya kuyavalisha ili yakae sawasawa kwenye redio kubwa. Akamweleza Shangazi taratibu. Yasichanganywe mapya na ya zamani. Yasiachwe juani. Shangazi alikuwa akiitikia kwa kichwa. Hali mbaya kwangu.

Mimi nilikuwa nachaji chumbani, mlango nimeufunga. Lile sanduku linavuma. Si sauti ya umeme. Ni kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo. Nilipoyatoa mawe yalikuwa baridi, baridi ya maji ya mtungi. Nikajua basi hii ni chaja bora, maana Rama alisema yatatema maji au yatapasuka.

Alasiri nikayatia kwenye redio ya marehemu, mbele yao wote wawili. Ikakaa kimya kidogo. Kisha ikashika stesheni mahali ambapo mshale haukuelekezwa.

Ilikuwa salamu. Mtangazaji anasoma polepole, kama mtu anayesoma kadi kwenye mwanga hafifu. Akasema:

"Salamu hizi zinatoka kwake Kai, Winchi ya Likoni, akiwa pamoja na Mweri wa Mtongwe. Zimfikie mkewe, Kache. Anasema miguu haimuumi tena."

Mzee Kai aliendesha winchi bandarini maisha yake yote, na alikuwa mtu wa kutuma salamu redioni. Winchi ya Likoni ndilo jina alilojipa. Mweri alikuwa rafiki yake. Tulimzika Pasaka iliyopita.

Shangazi akauweka ungo chini. Hakulia. Akauliza mawe ni ya nani. Nikasema yangu.

Ruth akajaribu yake. Redio ikatoa habari na bei ya vitunguu, sauti safi kabisa. Shangazi akasema, "Rudisha ya Gona."

Nimeshinda! Nimejiambia ni kipindi cha zamani kinarudiwa. Ila miguu ya mzee ilianza kumuuma mwaka jana tu.

Ijumaa, 7 Februari

Jana vilevile. Leo vilevile. Saa ya salamu ikikaribia, Shangazi anavuta kiti na kukaa goti kwa goti na redio. Hajaenda kwenye kibanda chake cha nazi. Wali wa jana haukuguswa. Akina mama wa kanisa walipita kumjulia hali, akawajibu bila kugeuza kichwa.

Ruth alinifuata uani. Akaniomba, kwa adabu nakiri, niyatoe yale mawe. Akasema shangazi yetu anatuponyoka. Nikamwambia wivu ni ugonjwa. Akauliza mawe yale nimeyanunua wapi. Nikamwambia hiyo ni siri ya biashara.

Alasiri mtangazaji akaanza tena. Kai anamsalimu Kache. Kai anamsalimu Ruth, na anamshukuru kwa shuka alizomfulia alipokuwa mgonjwa. Ruth akashika mdomo. Jambo la zile shuka walilijua wao wawili tu. Nikasubiri zamu yangu. Nilikaa wima.

"Na Gona naye anaambiwa aache kuingia droo ya watu."

Salamu ndiyo hiyo? Wenzangu wanashukuriwa, mimi nakaripiwa redioni. Ruth alinitazama kwa muda mrefu. Nikaenda kuifunga ile droo. Nilipopita tena ilikuwa wazi. Nikaifunga. Sikupita tena.

Kabla ya kipindi kwisha, mtangazaji akasema Kai atapita nyumbani kesho kunywa chai.

Shangazi akajibu, "Haya," vile mtu anavyomjibu mwenzake aliye jikoni.

Sasa ningeweza kuyatoa. Nilifika mpaka kwenye redio na kidole changu kilikuwa kwenye kifuniko. Lakini nikiyatoa chumba ni cha Ruth. Nikayaacha. Isitoshe, marehemu alikuwa mtu wa ahadi za uongo. Aliwahi kuniahidi kazi bandarini.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa.

Shangazi aliamka akapika mahamri na mbaazi. Akafagia mpaka barabarani. Akavaa leso mpya, doti nzima, na kutandika kitambaa cha meza cha harusi yake. Vikombe viwili. Kimoja akatia sukari, kingine hapana, kwa kuwa mzee alikatazwa sukari. Mimi na Ruth hatukuwekewa. Tulisimama ukutani kama wageni wa kulipa faini.

Jua lilikuwa kali nje, watoto wa jirani wanacheza. Redio ikafunguka yenyewe. Sikuigusa, na Shangazi mikono yake ilikuwa mapajani.

Hakuna muziki. Mtangazaji yuleyule, polepole.

"Kai anasema ameshuka kwenye feri."

Tukaugandamia ukuta.

"Kai anasema amepita kanisani. Anasema mmepaka rangi."

Tumepaka rangi Januari.

Ruth akaanza kusali kwa sauti ya chini. Shangazi akajitengeneza leso begani, kama msichana.

"Kai anasema watoto wampishe njia."

Kule nje watoto wakanyamaza. Wote, kwa mara moja. Nilichungulia dirishani. Walikuwa wamesimama pembeni, huku na huku, wakaacha nafasi katikati.

Hapo ndipo miguu yangu iliponiamulia. Kukimbia nje haikuwezekana, njia ilikuwa na mtu. Nikairukia redio. Shangazi akasema, "Gona, iache," nami nikang'oa kifuniko. Yale mawe hayakuwa baridi tena. Yalikuwa yamevimba, yanatoka uji mweupe, ukanila kiganja mpaka nikapiga kelele. Redio ikatoa moshi. Sauti ikakatika katikati ya "Kai anasema yuko ml".

Nilidhani Shangazi atanipiga. Hata hakunitazama. Akainuka, akajifuta mikono, akaenda akafungua mlango kwa upana wote. Pale kizingitini palikuwa na jua tu.

Akasema, "Karibu, baba. Chai isipoe."

Akarudi, akavuta kiti cha pili, naye akakaa kwenye chake. Ruth akanishika shati tukatoka nyuma kwenda kuosha mkono wangu kwa siki na maji. Kutoka huko tulimsikia Shangazi akizungumza. Habari za nazi. Habari za mazishi, nani alikuja na nani hakuja. Aliyatoa yote aliyoyafunga tangu Novemba. Kuna wakati alicheka. Mwishoni akalia, kilio kirefu cha mtu aliyetua mzigo, kisha akasema, "Haya, nenda salama. Usirudi kwa ajili yangu."

Tulipoingia mlango ulikuwa umefungwa, naye anakula mahamri. Alikuwa na njaa ya siku tatu. Kikombe cha pili kilikuwa kitupu. Ruth akaniuliza kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa pamoja uani wakati wote, kama ni mimi niliyekinywa. Nikasema ni mimi.

Sikuwa mimi.

Jumapili, 9 Februari

Shangazi amekwenda kanisani, akarudi amechangamka. Akatuita.

Aliniambia ananishukuru. Alisema hakuwahi kumuaga mumewe, maana alifia hospitalini huku yeye akiambiwa asubiri nje. Jana amemuaga. Nikaona hapo, funguo hizo zinakuja.

Akampa Ruth.

Nikamuuliza kulikoni, na shukrani zote hizo. Akasema, kwa upole hasa, kwamba Ruth huuliza kabla ya kugusa kitu, na kwamba nyumba haikai salama na mtu anayefungua kila kilichofungwa. Halafu akanipulizia kiganja kama mtoto. Redio mpya wataitumia na chaja ya kidirisha. Sanduku langu jeusi limeyeyuka kona. Ruth amelitupa kwa koleo.

Nimesikitika. Si kwa chumba tu. Wakati Shangazi ananipulizia mkono nilitaka kusema kitu na sikukijua ni kitu gani.

Jumanne, 11 Februari

Nimefikiri tangu jana. Kosa sikulifanya mimi. Kosa ni la redio. Redio ina maneno mengi, lazima mambo yaharibike. Kifaa ambacho kingefaa ni kisichosema.

Basi leo nimerudi kwa Rama. Akaona kitambaa mkononi, akanisogezea ile ya kidirisha bila kuulizwa. Akasema hii itakulinda. Nikamwambia aitie jiwe la zamani nione. Ikawasha taa nyekundu, ikalikataa. Ndiyo shida yake. Chaja nzuri, lakini haina huruma. Nikaomba nyeusi. Akasema imebaki moja na alitaka kuichoma. Amenipa huku anasoma dua.

Wajane ni wengi upande huu, na kila mmoja ana jambo hakulisema. Nitawatembelea nyumba kwa nyumba, kwa heshima. Ada ndogo, mahamri juu yao.

Nimeanza na Mama Dama, nyumba ya tatu kutoka hapa. Nikampigia shikamoo, nikampa pole tena ya msiba. Mumewe, Mzee Baya, aliacha tochi ndefu ya ulinzi, na mawe yake bado yamo ndani tangu alipofariki. Mama Dama aliniuliza kama nina hakika. Alisema marehemu mpaka siku ya mwisho alikuwa akinitaja jina, na si kwa wema.

Ni kweli Mzee Baya alikufa tukiwa hatusemezani, kwa ajili ya mbuzi wake mmoja na mpango wangu mmoja. Lakini hayo yamepita, na tochi haisemi.

Amenipa tochi, nami nimeyatia mawe kwenye chaja hapa chumbani. Sanduku linavuma vizuri kuliko lile la kwanza, na tochi imeshawaka pale mezani, mawe yakiwa bado kwenye chaja. Mwanga wake unanifuata kila ninapokaa. Dalili nzuri sana hii.