Kamati ya Kuchagua Bastola Moja

"Mtutu mrefu utanasa kwenye chandarua," alisema Hilari kwa mara ya nne. "Mwizi ameshaingia, wewe bado unapigana na chandarua."

"Na mtutu mfupi haulengi," alijibu Nikolaus. "Andika, Katibu: mwenyekiti amepinga."

Katibu, Apolinaria, mke wa mwenyekiti, aliandika. Hicho kilikuwa kikao cha kumi na moja cha Kamati ya Kuchagua Bastola, iliyoundwa mwaka 1953 kufuatia tangazo zito lililobandikwa Boma: Serikali, kwa kutambua maendeleo ya wenyeji, ingempa karani mmoja mwaminifu kibali cha bastola moja, kwa mazoezi ya shabaha na ulinzi wa nyumba. Karani huyo alikuwa Nikolaus. Na nyumba yake ilihitaji ulinzi kweli, maana mwizi alikuwa ameng'oa mlango akaenda nao.

Mlango wenyewe. Watu walisema umeonekana barabara ya Nzega, kichwani kwa mtu, ukienda mwendo wa wapagazi wa zamani. Tangu hapo nyumba ililindwa na pazia la kanga, na Apolinaria alilala amejifunga kamba mguuni, ncha ya pili ikiwa kwenye cherehani. Cherehani hiyo ndiyo iliyomweka binti yao, Veneranda, shuleni kwa masista. Mwizi mwenye akili angerudi kuifuata.

Mtu mwingine angetengeneza mlango. Apolinaria, mwenye cheti cha ualimu na sifa ya kusema wazi, alilisema hilo siku ya kwanza. Kisha mumewe akampa ukatibu na muhuri, naye akanyamaza. Muhuri ule ulikuwa mtamu. Aliupiga kwenye kumbukumbu za vikao, kwenye daftari la dobi, na siku moja kwenye mkate.

Kazi ilifanywa kwa utaratibu. Kwa kuwa bastola haikuwepo, vilitumika vifaa mbadala. Pasi ya mkaa iliwakilisha bastola nzito, inayotulia mkononi wakati wa shabaha. Mwiko uliwakilisha nyepesi, inayochomoka haraka chini ya mto. Apolinaria mwenyewe alisimama uani, mkono umenyooka, akimlenga jogoo wa jirani kwa pasi mpaka bega likafa ganzi na majivu yakamwingia kiatuni. Aliandika: "Jogoo hakuonyesha hofu."

Hilari, aliyepigana Burma, alitaka ya kuzunguka, yenye risasi sita, kwa sababu haikwami. Nikolaus alitaka ile ya ukurasa wa tisa wa katalogi, kwa sababu Bwana Shauri, afisa Mzungu wa Boma, anayo. Mabruki, seremala wa mtaa wa Ng'ambo, hakutaka yoyote. Aliitwa atengeneze ubao wa shabaha, akautengeneza kwa mninga, unene wa inchi mbili, urefu kupita mtu, na duara jekundu katikati. Kila kikao aliuegemea, akinywa chai.

Barua zilipelekwa Boma. Jibu la Bwana Shauri lilikuwa lile lile: "Ombi lako limepokelewa. Subiri." Mara moja tu aliongeza sharti: bastola ya mwenyeji itatunzwa stoo ya Boma na kuazimwa siku za kazi, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kamati ilishukuru, ikaazimia kwamba mwizi atakayekuja nje ya saa hizo ahesabiwe kuwa amekiuka utaratibu.

Sasa, mjadala ukiwa bado umenasa kwenye chandarua, tarishi wa Boma aliingia akihema, barua mkononi. Bwana Shauri alikuwa ameibiwa wakati akicheza tenisi. Zimekwenda bastola zake tatu, ile ya ukurasa wa tisa ikiwemo, pamoja na mlango wa nyuma zilikopitishiwa. Kamati ilitakiwa kukabidhi ubao wa mninga mara moja, uzibe pengo.

Nikolaus alisimama wima mbele ya barua kana kwamba ni Bwana Shauri mwenyewe. Alisema amri ni amri.

Apolinaria alitazama pazia la kanga, kisha ile kamba ya cherehani. Bastola tatu zimeshindwa kulinda hata mlango. Na yeye, vikao kumi na kimoja, alikuwa akimtishia jogoo kwa pasi.

"Mabruki," alisema, "bawaba unazo?"

"Ziko kapuni tangu kikao cha kwanza, Mama Veneranda. Na komeo. Nilikuwa nangoja mniulize."

Apolinaria alichukua karatasi, akaandika: "Ombi lako limepokelewa. Subiri." Akapiga muhuri, akamkabidhi tarishi.

"Utanifukuzisha kazi," alisema Nikolaus.

"Nimeandika mimi. Wewe shika ubao huku chini, na usiupinde mgongo."

Hilari alikuwa ameshashika juu.

Mabruki alikuwa akikaza skrubu ya mwisho Bwana Shauri alipofika mwenyewe, bado amevaa kaptula ya tenisi. Apolinaria aliwavuta wote ndani akafunga. Bwana Shauri akagonga, katikati kabisa ya duara jekundu.

"Fomu za kuomba mlango ziko kwa Mabruki, Ng'ambo," Apolinaria alimwambia kupitia mninga. "Siku za kazi, saa mbili hadi saa nane."

Akasukuma komeo, akaenda kuifungua kamba ya cherehani.