Maili za Marhun

Jumatatu, 2 Septemba 1985
Marhun karudi kutoka Maskati. Chumbageni nzima inanukia sabuni yake. Sisi tuliofulia majani ya mpapai hatuna la kusema. Jioni, barazani kwa Mzee Haroub, akasimulia alivyoruka kwa ndege kutoka Maskati hadi London kumtazama kaka yake. Maili elfu tatu na mia sita, anasema, kwa usiku mmoja! Watu wakasahau kahawa. Mimi yangu niliimeza yote, ikaniunguza ulimi. Naona wivu. Naandika wazi, humu hasomi mtu.

Jumanne, 3 Septemba
Balaa! Marhun kamposa Mwanaima, binti wa Mzee Haroub. Mwanaima wangu! Kweli, mimi sijaposa. Nilikuwa najiandaa, huu mwaka wa pili. Jibu Ijumaa baada ya sala. Mzee kasema mali haitazami, ila mkwe mwongo hamtaki nyumbani mwake. Hapo hapo nikapata akili. Maili elfu tatu na mia sita? Nani kazipima?

Jumatano, 4 Septemba
Nimeazima tufe la dunia kwa Mwalimu Noa. Kanielekeza: vuta uzi kutoka mji hadi mji, kisha ulaze kwenye kipimo cha maili kilichochorwa chini. Rahisi. Lakini uzi! Mimi fundi cherehani, na madukani uzi umeadimika tangu mfungo. Mwanaima kusikia, akaniletea uzi mweupe, mpya, bado una karatasi yake. Kumbe zawadi ya Marhun. Nikaurudisha. Bora nife! Nikachomoa mpira wa kiunoni kwenye kaptula yangu kuukuu. Nikauvuta Maskati mpaka London, nikaubana kwa vidole, nikaulaza kwenye kipimo. Maili elfu mbili na mia moja! Mwongo mkubwa! Nimecheka peke yangu mpaka jirani kagonga ukuta.

Ijumaa, 6 Septemba
Nikabeba tufe hadi barazani. Nikamwamkia Mzee shikamoo, nikatangaza uongo wa Marhun. Marhun akasema taratibu kwamba huenda rubani ndiye aliyekosea. Mzee akataka nipime tena, watu waone. Nikavuta: elfu moja na mia nane. Nikarudia: elfu mbili na nusu. Jasho likanitoka. Mzee akauchukua mpira, akauvuta, akauachia. Ukanipata puani.

"Idarusi, mwanangu," akasema, "fundi wa nguo mzima, hujui kuwa mpira unavutika?"

Nyuma ya pazia Mwanaima akatoa mkono wenye uzi. Wakapima. Elfu tatu na mia sita. Posa ikakubaliwa kahawa haijapoa. Inauma. Pua nayo inauma, lakini si kama moyo.

Jumamosi, 7 Septemba
Mzee Haroub ana huruma. Kaagiza kanzu ya bwana arusi nishone mimi, nisiseme nimetupwa. Asubuhi Marhun kaja dukani, mpole kama kawaida yake. Kaona futikamba yangu imekatika, basi kaniletea mpya ya Maskati. Eti nimpimie hiyo, kisha nibaki nayo. Mimi? Nipime kwa kitu chake? Nikamrudishia palepale. Nikamsimamisha wima, nikampima mabega, nikampima kifua, nikashuka mpaka vifundoni. Vipimo vyote nimevichukua kwa mpira wangu.