Fidla Yangu kwa Marapa wa Gatongora

Jumatatu, 9 Machi 1998. Ngoingwa.
Nimehama rasmi. Miaka minane ya fidla Nairobi, cheti cha daraja la nane, na wanaoniita ni wa harusi tu. Huko harusini nako naambiwa nipige polepole, watu wanakula. Kuanzia leo mimi ni msanii wa hip-hop. Nimemweleza Shangazi Waridi, ninayekaa kwake. Akauliza hip-hop ni ugonjwa gani. Kisha akasema binamu yake wa Gatuanyaga ana mbuzi sitini na anatafuta mchungaji mwenye elimu. Kufikia Jumapili nisipokuwa na kazi, natumwa. Mbuzi sitini! Hakuna hata mmoja anayejua nota.

Jumanne, 10 Machi.
Nimeenda Gatongora, Ruiru, kwa rapa anayeitwa Muigai. Hufanyia mazoezi nyuma ya duka la mamake, na Jumamosi ana shoo. Nikamwambia kikundi chake kinakosa fidla. Akasema nipige. Nikaanza na utangulizi wa dakika kumi na moja, mfupi kwa viwango vyangu. Kufumbua macho, Muigai ameenda kumuuzia mtu unga. Aliporudi akasema, kwa upole ulioniudhi, kwamba fidla wanayo. Muasya, mpiga kibodi wao, akabonyeza kitufe. Kweli ikatoka fidla. Fidla yenye mafua, lakini fidla. Akaongeza kuwa yake haina utangulizi.
Simpendi Muasya.

Alhamisi, 12 Machi.
Nimeandika mistari thelathini na miwili kuhusu ugumu wa maisha mtaani. Nimelelewa kwenye nyumba ya vyumba vinne na maua mbele, kwa hivyo ilibidi nibuni. Nikamfokea Shangazi mistari yote jikoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani amenipiga.
Basi, wazo jingine. Kibodi bila umeme ni meza tu. Adapta yake inaingia mfukoni. Huo si wizi. Ni kupanga muziki.

Jumamosi, 14 Machi. Ruiru.
Nimefanya. Saa nane mchana, Muasya akisalimiana na wasichana, adapta ikahamia ndani ya kasha la fidla. Shoo ikaanza, kibodi kimya. Watu mia mbili wakaanza kuzomea. Muigai akanigeukia pale kando ya jukwaa nilipojisimamisha na fidla, jasho likimtoka.
"Junaid, piga chochote. Lakini kiwe kifupi."
Nikapiga nota nne. Nikazirudia. Nikazirudia tena. Mwalimu wangu angenikana. Muigai akaingia juu yake na mistari yake, na ukumbi mzima ukasimama. Kwa dakika nzima nilisahau kujipongeza. Sijawahi kuisikia fidla yangu ikifurahi vile.
Muigai akanikumbatia, akasema nimo kikundini. Hapo ningeenda nyumbani. Badala yake nikafungua kasha kwa madaha, mashabiki wanione nikiiweka fidla. Adapta ikadondoka miguuni mwa Muasya. Akaiokota, akaifuta vumbi kwa shati lake. Afadhali angenizaba kofi. Muigai akaniambia niondoke.

Jumapili, 15 Machi.
Shangazi amenifungia begi. Nikamwomba muda wa saa tatu tu, nikaenda kwa Muasya. Nikamkuta anafua. Njiani nilikuwa na visingizio vitano, vyote vizuri. Nilipomwona vikaisha. Nikamwambia niliichukua kwa sababu nilikiogopa kile kitufe chake.
Akakamua shati kwa muda mrefu.
"Zile nota zako nne," akasema, "nikiweka ngoma chini yake, itakuwa kali. Lakini ukigusa kitu changu tena, hiyo fidla nitaifanya kuni."
Nikalia kidogo. Yeye akaendelea kufua, akajifanya haoni. Muasya ameniombea kwa Muigai, nimerudishwa kikundini. Shangazi amekubali nibaki, kwa shingo upande. Begi nimelifungua.

Jumanne, 17 Machi.
Mazoezi yameenda vizuri mno. Ngoma ya Muasya na nota zangu zimeshikana kama chapati na maharagwe. Muigai ana shoo nyingine mwezi ujao, Thika, na amenituma nipeleke maneno ya bango kwa mchoraji. Amesema sasa ananiamini.
Nimerekebisha kidogo tu. Jina langu juu, herufi kubwa. Muigai chini yangu. Muasya naye nimemweka, pembeni, karibu na saa ya kuanza. Hawatagundua. Hata mchoraji hakuuliza kitu, ila alitaka kujua bango litundikwe wapi ili lionwe na watu wengi. Nikamwelekeza kwenye ule ukuta mkabala na duka la mamake Muigai.