Mfaume wa Nyamwage na Vita vya Taa ya Njano

Sogezeni mikeka, enyi watu wa Kibiti na Ikwiriri. Wekeni chini vikombe vya kahawa na zimeni simu zenu, kwani yanasimuliwa hapa mapigano ya Mfaume wa Nyamwage, jemadari wa pikapu nyeupe ya dizeli, mshika usukani asiyetetereka, alipokabiliana na taa ya njano isiyozidi ukubwa wa punje ya kunde.

Siku hiyo Mfaume alikuwa anampeleka mdogo wake Sabra kwa mumewe, Kibiti. Sabra alikaa kiti cha nyuma, amefunikwa shela, kimya kama ada inavyotaka. Kando yake aliketi kungwi wake, Bi Sihaba, ngome ya mila, ambaye sauti yake ilikwisha kuwanyamazisha madiwani na makondakta. Mbele ilitangulia pikapu ya wapiga tarumbeta, nyuma likafuata gari la mama na mashangazi, na msafara wote ulikwenda kwa mwendo wa mtu atokaye sokoni hana haraka, maana Bi Sihaba alikwisha kutoa amri kwamba bibi harusi hakimbizwi.

Sasa ijulikane kwamba ndani ya ekzosi ya pikapu ile mlikuwa na chujio la kunasa masizi. Ndiyo sababu haikutoa moshi, na Mfaume alijivunia jambo hilo kuliko wengine wanavyojivunia watoto. Lakini chujio hilo hujichoma na kujisafisha pale tu gari linapokwenda kasi, na kwa wiki nzima ya harusi gari halikuwa limekwenda kasi hata mara moja. Lilibeba viti, likabeba turubai, likabeba mashangazi mmoja mmoja, na siku ya hina likanguruma saa mbili limesimama ili Sabra apate kiyoyozi. Masizi yakapata nafasi, yakajaa, yakalizingira chujio kama jeshi lizingiralo mji.

Walipofika Ikwiriri taa ya njano ya dashibodi ikawaka, ishara kwamba chujio limejaa. Mfaume akasimama kwa fundi Haruni, bingwa wa msumeno, ambaye aliinama uvunguni, akainuka, akahutubia.

"Ewe Mfaume, mie machujio haya nimeyakata mengi, ya magari ya miradi na ya matajiri wa ufuta, nikaweka bomba tupu, na yote yanatembea mpaka leo. Nipe nusu saa nikuondolee balaa."

"Na moshi?"

"Moshi utawahusu walio nyuma."

"Walio nyuma ni mama yangu na mashangazi zangu," akajibu Mfaume, akapanda garini akaondoka.

Njiani alitamani kuongeza mwendo, lakini mbele yake palikuwa na tarumbeta na nyuma yake palikuwa na Bi Sihaba. Nyumba za Kibiti zilipoanza kuonekana, taa ikaanza kuwakawaka. Mfaume alikuwa amekisoma kitabu cha gari lake, jambo ambalo peke yake lingestahili kuimbwa. Kitabu kilisema taa ikiwakawaka usisimame wala usizime injini. Nenda mwendo wa zaidi ya kilomita sitini kwa saa, kwa dakika ishirini, la sivyo itageuka nyekundu, gari litakata nguvu, na halitapona mpaka lifungwe kompyuta ya fundi. Na mlangoni kwa wakwe desturi ilikuwa kusimama nusu saa nzima, mpaka mashangazi wa bwana harusi watosheke kucheza.

"Bi Sihaba," alisema, kwa sauti ya mtu anayeacha wosia, "miaka sita iliyopita dada yetu Siti aliletwa mji huu kwa gari la kukodi lenye rejeta iliyotiwa maji ya mtaroni. Likachemsha, na wakwe wenyewe wakamsukuma mpaka mlangoni. Hadi leo anaitwa Bi Kusukumwa. Naapa Sabra hatalirithi jina hilo. Nitapita."

"Nimewafikisha mabibi harusi arobaini na mmoja," akajibu Bi Sihaba, "na hakuna hata mmoja aliyepitishwa mlangoni kwa mumewe. Ukipita watasema tumeghairi, na mimi nitaweka wapi uso wangu?"

Ndipo Sabra, ambaye hakupaswa kusema neno, akasema chini ya shela, "Kaka, pita."

Akapita. Tarumbeta walisimama mlangoni. Mfaume akawazunguka kwa honi moja ndefu. Mashangazi waliovaa sare ya khanga waliduwaa, vigelegele vikawakatikia vinywani. Abbasi, bwana harusi, alikusanya kanzu yake, akarukia bodaboda na kufukuzia mke.

Barabara ya kuelekea Bungu ilikuwa nyeupe. Mshale wa mwendo ulipanda sabini ukatulia hapo, na ndani ya ekzosi moto ukayashukia masizi. Dakika ya kumi Mfaume alitazama kioo, akamwona Sabra amefunua shela na kuegemeza kichwa dirishani, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Huzuni ikamshika. Kesho asubuhi asingekuwapo wa kumgombeza kwa kuingia ndani na viatu vyenye grisi. Dakika ya kumi na tano jemadari wetu alijikuta anaomba adui asiishe upesi.

Dakika ya kumi na tisa, taa ikazimika.

"Imezimika?" Sabra akauliza.

"Imezimika."

"Basi tugeuzie Bungu."

Bungu ilikuwa bado mbele, na hapo katikati mahali pa kugeuzia palikuwa pengi. Mfaume akaenda mpaka Bungu. Bi Sihaba aliangalia mikorosho ya upande wake na hakuona kosa lolote.

Huko Abbasi akawafikia, kope zimejaa vumbi. "Shemeji, nimekosa nini?"

"Hujakosa, shemeji. Dada yangu haji kwako kwa kusukumwa, ndiyo maana nimeyachoma masizi yote njiani. Panda, twende nyumbani."

Wakaingia Kibiti bila hata uzi wa moshi, na mji ukapiga vigelegele mara mbili ya vile vilivyokatika.

Tangu hapo, hakuna bibi harusi wa Kibiti anayeshuka kabla ya kupitishwa mlangoni kwa kasi, kupelekwa Bungu na kurudishwa, bwana harusi akifukuzia kwa bodaboda. Hupelekwa hata kwa mapikapu chakavu yasiyojua chujio ni nini, yanayotoa moshi mweusi mpaka shela inabadilika rangi. Mfaume amejaribu kueleza habari za masizi, lakini hakuna anayemsikiliza. Wanamsikiliza Bi Sihaba, ambaye akiulizwa asili ya mila hiyo husema yeye aliikuta kwa bibi yake.